Bahari ya Barafu Isiyo na Tembo

Guangzhou, 12 Machi 2006

Shangazi Kalista,

Shikamoo. Najua barua ya adabu huanza kwa kuulizia afya, kanisa na ng'ombe, lakini leo nina hasira, na nikianza na ng'ombe hasira itapoa. Ng'ombe wasubiri.

Profesa Liang ameikataa picha yangu. Si tasnifu, tasnifu ameipitisha tangu Januari. Unajua niliandika juu ya Wazungu wa karne ya kumi na tisa waliochora bahari za Aktiki, kule juu kabisa ya dunia ambako maji ya bahari huganda na kuvunja meli. Miaka miwili nimeishi na picha hizo, na kuna jambo moja linaniudhi. Hawakuiacha barafu peke yake. Lazima pawe na meli iliyopasuka, au dubu anayetafuna mfupa, au baharia anayekufa vizuri huku ameinua macho mbinguni. Ni kana kwamba barafu iliumbwa ili Mzungu apate mahali pa kuonewa huruma.

Kwa hiyo picha yangu ya kuhitimu ni bahari ya barafu yenyewe. Hakuna meli, hakuna maiti. Ni kubwa kuliko mlango wa duka lako, na naipaka tangu Novemba. Mwezi huu kuta za hapa zinatoa jasho kwa unyevu na rangi nyeupe ya mafuta haikauki, naipepea kwa feni kama mgonjwa.

Jana Profesa alikuja na chupa yake ya chai, akaitazama picha.

"Umepaka vizuri," alisema. "Lakini barafu si yako."

Nikamwuliza ni ya nani.

"Nilipokuwa kijana nilipelekwa kulima kaskazini, karibu na mpaka wa Urusi. Miaka minane. Nilipasua barafu ya mto kwa shoka ili tupate maji ya kupikia. Wewe umetoka kwenye jua. Barafu umeisoma vitabuni."

Nikamwambia nimezaliwa Kibosho, na nikitoka nje na ndoo asubuhi barafu ya Kibo iko juu ya paa la jiko letu. Akacheka kwa upole (ni mpole, hilo ndilo linalouma), akafungua droo akatoa kalenda. Kibo nyuma, tembo mbele.

"Basi chora hii. Ukuta wa wanafunzi wa kigeni mwaka huu unaitwa Rangi za Nyumbani, na wageni wa ubalozi watakuja. Watataka kuiona Afrika."

Shangazi, picha ile imepigwa upande wa Kenya! Kwetu Kibosho nani amewahi kumwona tembo, ukiacha yule wa kwenye noti? Kati ya wachoraji ninaowasoma yumo Mjerumani ambaye hakufika Aktiki maisha yake yote. Aliangalia vipande vya barafu kwenye mto wa mji wake, akajenga bahari nzima. Mbona yeye hakuambiwa achore soseji?

Profesa amesema waziwazi: nisipotundika tembo mwezi wa saba, shahada sipewi. Nami nimemjibu waziwazi kwamba sichori tembo.

Barua hii anakuletea Rodgers, yule anayenunua viatu vya jumla soko la Zhanxi. Sasa niambie, ng'ombe hawajambo?

Mwanao,
Agripina


Moshi, 2 Aprili 2006

Mwanangu Agripina,

Marahaba. Ng'ombe hawajambo. Mmoja amezaa, na ndama ana adabu kukushinda.

Ningekupigia simu, ila salio la nje hukatika kabla sijaanza kukugombeza vizuri. Kaa chini usome.

Kaka yangu, baba yako, alipofariki nilisimama mbele ya ukoo nikasema huyu mtoto atasoma, hata kama anachosoma ni rangi. Baba yako mdogo Theophil alicheka mpaka akamwaga mbege. Sasa chuo cha ualimu hapa Moshi wamekuwekea nafasi ya kufundisha sanaa na wanangoja shahada tu. Nimeshatangaza. Kanisani wananiita Shangazi wa Profesa, nami naitika. Halafu unaniambia habari ya meli na maiti?

Mimi nikija huko Xintang kufunga mzigo, mwenye kiwanda akisema jinzi za mguu mpana ndizo zinazotoka, nanunua za mguu mpana. Miguu yangu naijua mwenyewe. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Chora tembo. Chora tembo wengi, tena wanene, chukua karatasi yako, rudi nyumbani, kisha barafu upake hata kwenye mlango wa choo, hakuna atakayekuuliza.

Na huyo Profesa usimjibu tena. Mwalimu wako ni mzazi wako, na mkono usioweza kuukata, ubusu. Jambo lake niachie mimi. Kuna mambo ya watu wazima.

Shangazi yako,
Kalista


Guangzhou, 14 Mei 2006

Shangazi,

Shikamoo, ingawa leo inatoka kwa shida.

Nikifumba jicho, nitachorea nini? Hilo ni jibu la methali yako. Sasa tuje kwenye mambo ya watu wazima.

Jumanne nilikuwa studio, nikaitwa ofisini kwa Profesa. Nikamkuta Rodgers kwenye kiti cha wageni, suti imembana, anamwita Profesa "laoban" kama mwenye duka wa Zhanxi. Mezani kuna jani la isale, limefungwa fundo, bichi kabisa. Shangazi, umenipelekea isale! Umeniombea radhi kwa mtu nisiyemkosea, na unajua vizuri kuliko mimi kwamba kwetu isale likishafika, aliyepelekewa hawezi kukataa kusamehe, na mimi niliyeombewa siwezi kuendelea na ugomvi. Umenifunga mikono kutoka Moshi.

Ungesubiri uone lilivyofunga. Profesa alimwuliza Rodgers jani hilo ni la nini. Rodgers, na Kichina chake cha kupunguziwa bei, akamwambia linaondoa hasira kifuani. Basi. Mji huu kila kona kuna duka la majani machungu ya kuchemsha, ya kutoa joto mwilini, na mtu akipewa jani linalopoza hasira anajua la kufanya nalo. Nimefika yeye anauliza ni vikombe vingapi vya maji. Kabla sijapata neno, katibu wake alikuwa amelikata kwa mkasi na birika linachemka. Amelinywa, Shangazi. Radhi yetu ameinywa yote, akakunja uso, akasema ni chungu lakini anajisikia mwepesi. Kisha akanipa mkono akasema amefurahi nimebadili mawazo, na mbele yangu akaandika kwenye orodha ya maonyesho: Agripina, Tanzania, Tembo wa Nyumbani.

Rodgers alinisindikiza hadi getini. Kwa kutaka kunifariji akasema, "Usijali dada, hata yule Alphonce wa lodge ya Marangu anawasubiri kwa hamu tembo wako." Tembo wangu gani? Akajikwaa kwenye ulimi, lakini alikuwa ameshasema. Kumbe umeshamwahidi mwenye lodge picha za tembo za vyumba vyote, zilizochorwa na mpwa wako wa China! Kumbe methali zote zile za chongo na kubusu mkono, nyuma yake kulikuwa na mteja!

Nilikuwa nadhani unaniogopea. Nimelia, nakuambia ukweli. Kisha nikaosha uso nikarudi studio.

Agripina


Moshi, 4 Juni 2006

Agripina,

Amelinywa?

Nilidhani ni macho yangu. Nilimwita jirani Melania aisome kwa sauti, naye akafika palepale akasita, akanitazama. Tumecheka tukashika kuta. Kisha tukaogopa. Tangu wazee wetu wapande masale kwenye mipaka na makaburini, sijasikia mtu aliyepewa radhi akaichemsha. Melania anasema huenda sasa hataweza kukukasirikia hata akitaka, maana liko tumboni. Mimi sijui. Sheria ya jambo hilo haipo.

Ya Alphonce ni kweli. Nilimwahidi. Nafanya biashara tangu hujaota meno, na mfanyabiashara huuza kabla hajanunua, ndivyo ulivyopata ada ya sekondari. Ukitaka nikuombe radhi kwa hilo, utasubiri sana. Na kukuogopea pia nilikuogopea. Moyo wa mtu una vyumba viwili, unadhani kimoja hakiwezi kuwa na tembo?

Kuhusu isale, usinifundishe mila. Isale hupelekwa na mwenye akili, si mwenye kosa. Nimepeleka masale kwa Theophil mara nyingi, na kila mara mkosaji alikuwa yeye.

Nakuja. Mzigo wangu wa jinzi unafungwa Xintang mwanzoni mwa Julai, na siku ya maonyesho yako nitakuwepo na gauni langu la kitenge. Nataka kuona tembo ukutani. Kama sitawaona, usiniite tena shangazi mbele za watu.

Kalista


Guangzhou, 6 Julai 2006

Shangazi,

Shikamoo, na karibu Guangzhou. Namwachia Rodgers barua hii akupe hapo hotelini kwako mtaa wa Huanshi Zhonglu, maana nikija mwenyewe utanishika mkono, na ukinishika mkono nitashindwa.

Tembo hawapo. Hawajawahi kuwepo. Tangu Mei nilifunika picha kwa shuka, na kila aliyeuliza nilimwambia tembo hawajakauka. Leo nimeitundika mwenyewe. Ni barafu ileile, ila pembeni nimeipaka upya, kile kipande cha kushoto ambacho hakijafikiwa na jua.

Kesho saa tatu wanafungua milango. Profesa akiiona ataniita ofisini, na shahada itaishia humo. Nafasi ya chuo cha Moshi nayo. Najua ninachofanya na ninaogopa. Ila sitachora kalenda ya mtu.

Kama unakuja kwa ajili ya tembo, nakuomba ubaki hotelini. Sitaki uaibike kwa jambo ambalo ni langu.

Agripina


Guangzhou, 3 Agosti 2006

Shangazi,

Shikamoo. Uliondoka siku ileile kukimbilia kontena lako na hatukuongea hata nusu saa, nami nimebaki na maswali. Mimi nilikuwa ofisini napigwa maneno, na hata Profesa alipotoka nikabaki humo nikiogopa kutoka. Nilipotoka nilikukuta umekaa chini ya picha yangu, kwenye ngazi ya mafundi, pochi mapajani, unakunywa maji ya moto. Rodgers alikuwa amejificha nyuma ya nguzo. Mafundi wawili walikuwa wamesimama wanakuangalia kama watu waliopotezewa kazi. Na picha ilikuwa bado ukutani, ikabaki hapo hadi jioni, wageni wote wakaiona. Ulifanya nini? Rodgers ukimwuliza anatikisa kichwa tu.

Sasa majibu yangu. Shahada nimenyimwa. Jina limefutwa. Profesa hakunifokea, aliniita wiki iliyopita akaniambia nikileta tembo kabla ya Oktoba ataniandikia barua ya kunirudisha, na alisema kwa wema. Nilimshukuru nikamwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba nimesoma vitabu vyake vyote alivyoniazima na hakuna hata kimoja kinachosema barafu ina wenyewe. Akainuka, akanipa mkono, akanifungulia mlango.

Viza yangu inaisha mwisho wa mwaka. Napaka mandhari za hoteli kwenye karakana moja ya picha, kila mtu na kipande chake; mimi wamenipa mawingu. Nikiwa peke yangu sijuti. Lakini Desemba sitakuja Kibosho. Kila Mchaga anarudi Krismasi na gari na zawadi, mimi nirudi na nini? Nimeshawaza kumwambia jirani yako Melania nimepata kazi huku na siwezi kutoka. Na nikilazimika kuja, nitashuka jioni, nipite njia ya migombani hadi kwako, Theophil asinione.

Nisamehe kwa kukuangusha mbele ya kanisa.

Agripina


Moshi, 20 Agosti 2006

Mwanangu Agripina,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mpaka penye migomba nikaitupa mezani. Nimeirudia leo.

Umeuliza nilifanya nini. Nilikuja kwa ajili ya tembo, usinipambe. Barua yako Rodgers alinipa, nikasoma, nikavaa, nikaja kukuaibisha kama ulivyoniaibisha. Nimefika mlangoni nikauliza tembo wako wapi, Rodgers akanionyesha ukuta.

Nikasimama.

Ile pembe ya kushoto, Agripina. Ile rangi ya maziwa yaliyoenguliwa mafuta, yenye ubuluu kwa chini, kabla jua halijaigusa. Nimeiangalia kila alfajiri tangu utotoni nikitoka kukata majani ya ng'ombe. Mama yangu aliiangalia kujua kama siku itakuwa na mvua. Hukuisoma kwenye kitabu cha Mjerumani wala cha nani. Nilijikuta nimevuta kitenge mabegani, kwenye joto lile la Julai, na watu wananitazama.

Hapo ndipo mafundi walikuja na ngazi. Profesa wako nyuma yao, ametoka kukuachia maneno. Rodgers akanitambulisha. Yule mzee akaniinamia kwa heshima, akasema, na Rodgers akatafsiri: "Mama, mwambie mwanao asijitese. Mtu wa jua hawezi kuijua barafu."

Nilikuja pale nikiwa upande wake. Angenyamaza tu, ningekushusha mwenyewe kwa sikio. Lakini aliposema vile nilipandwa na hasira ambayo sijaipata tangu mazishi ya baba yako. Nilimwambia Rodgers atafsiri neno kwa neno bila kulainisha. Nikasema: barafu yako ulipelekwa na serikali ukaenda kuipasua kwa shoka, pole sana kwa hayo. Yetu tumezaliwa chini yake. Maji yake ndiyo tuliyobatiziwa. Na sasa inaisha. Mlima ule kila mwaka unabaki na vipande vichache, watoto wa Melania wataisikia kwa kusimuliwa. Kama kuna mtu duniani mwenye haki ya kuipaka barafu ukutani ni huyu binti, na wewe uliyekunywa radhi yetu kama chai huna cha kumfundisha hapo.

Rodgers alisita. Nikamwambia tafsiri, au viatu vyako visafiri na kontena la mtu mwingine. Akatafsiri. Sijui kama alifikisha yote, ila mzee alibadilika uso.

Kisha nikafanya ninachofanya Zhanxi mwenye duka akitaka kunifungia mlango. Nikakaa. Nilikalia ngazi yao. Mafundi wakasema maneno, nikajifanya sisikii. Mtu mzima wa umri wangu hawamgusi, hilo nimelijua siku nyingi kule sokoni. Baadaye Profesa mwenyewe akaniletea maji ya moto kwenye kikombe, akasimama kando yangu tukaiangalia picha wote wawili. Maji nilikunywa. Adui akikupa maji Guangzhou mwezi wa saba, unakunywa. Lakini sikunyanyuka.

Kwa hiyo usiniombe msamaha wa kuniangusha. Sikuanguka, nilikuwa nimekaa.

Alphonce nimemwambia tembo hakuna. Ameuliza nani basi atachora, nimemwambia awapige picha mwenyewe, yeye ndiye mwenye gari la watalii. Chuo cha ualimu nafasi wamempa mwingine. Inauma, sitakudanganya, nililia nikiwa dukani na wateja wapo. Jumapili Theophil alisimama baada ya misa, akaniuliza mbele ya watu, "Dada, Profesa wako yuko wapi?" Nikamwambia kanisa zima likisikia: alitakiwa kusema uongo kuhusu nyumbani kwao ili apewe karatasi, akakataa. Nikamwuliza yeye angekataa? Tangu hapo hawaniiti tena Shangazi wa Profesa. Wananiita kwa jina langu, nami naitika vilevile.

Sasa nisikilize. Krismasi utakuja. Mambo ya kazi ya mawingu na njia ya migombani sitaki kuyasikia. Njia ile ni ya wezi na wajawazito waliokimbia. Utashuka stendi mchana kweupe tarehe ishirini na nne, watu wote wakiwa barabarani na magari yao ya kuazima. Hiyo picha uilete. Nimeuliza, inavuliwa kwenye fremu na kukunjwa. Ukifika kwa fundi seremala pale njia panda aipigilie mbao, kisha uibebe hivyo hivyo, uso wake nje, upite nayo mbele ya kanisa, mbele ya duka la Theophil, upande nayo mpaka nyumbani.

Watakaouliza karatasi iko wapi, usiwajibu kitu. Waelekeze kwangu. Mimi nitakuwa mbele yako, nimeshika upande wa pili.

Shangazi yako, mbele za watu na nyuma yao,
Kalista